UZI: Mwalimu wa sekondari husomea nini chuoni, na kwa nini jukwaani hatusikii hayo

1/ Kila msimu wa siasa kuna sentensi tatu hatuzikosi: "Tutaajiri walimu." "Walimu wa siku hizi hawajaiva." "Mtaala mpya umekuja na walimu hawajui kuufunza." Zote hupigiwa makofi. Na zote zinategemea swali moja ambalo sijasikia likijibiwa kwa maikrofoni: huyo mwalimu hufunzwa nini, na nani, kwa pesa za nani? Leo tukae hapo. Uzi ni mrefu, chukua chai.

2/ Sheria za hapa mnazijua. Hakuna jina la mwanasiasa, hakuna chama. Ukitaja kwenye majibu nitakuruka. Pia niseme mapema, mimi nasomea sayansi ya siasa, si ualimu. Lakini rumeti wangu anasomea ualimu, na muhula aliokwenda kufanya mazoezi ya kufundisha ndio ulinifungua macho. Nitafika hapo.

3/ Tuanze na njia. Kenya mtu hufika darasa la sekondari kwa njia kuu tatu. Ya kwanza ni digrii ya elimu, B.Ed., miaka minne. Ya pili ni stashahada ya ualimu wa sekondari kwenye chuo kama Kagumo kule Nyeri. Ya tatu ni kusomea digrii ya kawaida, tuseme kemia au historia, kisha kuongeza stashahada ya uzamili ya elimu kwa mwaka mmoja hivi. Njia zote zinaishia mlango mmoja: kusajiliwa na TSC. Bila usajili huo, sheria hairuhusu ufundishe.

4/ "Ualimu ni wa waliofeli." Hii tumeisikia hadi kwa watu wazima wenye suti. Kwa mwenye digrii, TSC inataka alama ya wastani ya C+ kwenye KCSE na C+ katika kila moja ya masomo mawili atakayofundisha. Kuna watu wana digrii mkononi na usajili unakwama kwa sababu ya somo moja walilopata C ya kidato cha nne. Ni kweli udaktari na uhandisi huchukua alama za juu zaidi. Lakini C+ ndiyo alama ya chini ya kuingia chuo kikuu moja kwa moja kwa kozi yoyote ile. Kwa hivyo huyo unayemwita aliyefeli alivuka mstari uleule uliouvuka wewe.

5/ Sasa ndani ya hiyo B.Ed. kuna nini? Ifikirie kama vikapu vitatu. Kikapu cha kwanza ni masomo mawili ya kufundishia. Cha pili ni elimu yenyewe kama taaluma: saikolojia, falsafa, historia na sosholojia ya elimu, mitaala, upimaji, usimamizi wa shule, ushauri nasaha, elimu ya mahitaji maalum. Cha tatu ni mbinu za kufundisha na mazoezi shuleni. Ugomvi mwingi wa kisera nchini ni kuhusu kipi kipunguzwe na kipi kiongezwe.

6/ Kikapu cha kwanza. Mwanafunzi huchagua jozi: Hisabati na Fizikia, Kiswahili na Historia, Kiingereza na Fasihi, na kadhalika. Anasoma yuniti hizo pamoja na wale wa digrii za kawaida, darasa moja, mtihani mmoja. TSC inataka angalau yuniti 8 kwa kila somo. Mtego uko hapa: anachagua akiwa na miaka 18 au 19, na hakuna anayemwambia jozi gani itahitajika baada ya miaka minne. Matangazo ya kazi ya TSC hutaja masomo. Jozi yako isipotajwa, unasubiri. Kuna watu wamesubiri hadi wakaota mvi.

7/ Kikapu cha pili ndicho hutukanwa zaidi. "Nadharia tupu. Falsafa ya elimu itamsaidiaje mtoto kujua aljebra?" Hebu tuchukue yuniti moja tu, upimaji na tathmini. Huko mwalimu hufunzwa kutunga swali linalopima kuelewa badala ya kukariri, kusahihisha kazi ya watoto 60 kwa kipimo kimoja bila kupendelea, na kutambua kwamba darasa zima likikosa swali moja, huenda kosa liko kwa swali au kwa mafunzo.

8/ Zamani kosa la mwalimu kwenye upimaji lilizikwa na mtihani wa taifa. Siku hizi hapana. Kwa watoto wa Gredi ya 9 wa mwaka 2025, asilimia 20 ya alama ya mwisho ilitokana na tathmini za shuleni za Gredi ya 7 na 8. Yaani alama alizoweka mwalimu darasani ziliingia kwenye hesabu ya mtoto kupelekwa sekondari ya juu. Kwa hivyo anayesema yuniti ya upimaji ni nadharia tupu, muulize kama yuko tayari mtoto wake apimwe na mtu ambaye hakuisoma.

9/ Kikapu cha tatu. Kwanza mnafundishana wenyewe chuoni. Unasimama mbele ya wenzako dakika kumi, wao wanajifanya kidato cha kwanza, mhadhiri anaandika makosa yako. Unafunzwa kuandika maazimio ya kazi ya muhula, andalio la kila somo, rekodi ya kazi, na kutengeneza zana kwa manila na chochote ulicho nacho. Kisha unatumwa shule halisi kwa takriban muhula mmoja. Wahadhiri wanakuja kukaa nyuma ya darasa mara kadhaa na kukupa alama. Hii ndiyo TP.

10/ Sasa rumeti wangu. Alipangiwa shule ya kutwa mashambani, sitaitaja. Kulipa nyumba ni yeye, chakula ni yeye, nauli ni yeye, suruali rasmi mbili ni yeye, manila ni yeye. Karo ya muhula huo pia alilipa kama kawaida. Kwa ufupi, alikuwa analipa ili afanye kazi. Wiki ya saba alinipigia kunikopa 600 za nauli. Nilimtumia 400, ndizo nilizokuwa nazo.

11/ Lakini pesa si ndiyo iliyonikera zaidi. Alipofika, mwalimu mmoja wa Kiswahili alikuwa ameshahamishwa na hajajazwa. Rumeti akapewa vipindi vya huyo mwalimu vyote, juu ya vyake. Mwalimu aliyepaswa kumlea, yule wa kukaa naye na kumwambia "pale ulikosea, jaribu hivi", naye alikuwa na vipindi hadi shingoni. Kwa muhula mzima alikaa nyuma ya darasa la rumeti mara moja. Mhadhiri alikuja mara tatu. Siku zingine zote kijana alikuwa peke yake na watoto 58.

12/ Simlaumu yule mwalimu, wala mwalimu mkuu. Ungekuwa wewe una darasa halina mwalimu na kijana ameletwa bure, ungefanya nini? Hapa ndipo mnielewe: upungufu wa walimu hauumizi tu watoto wa leo. Unakula mafunzo ya mwalimu wa kesho. Shule yenye upungufu inamgeuza mwanagenzi kuwa mjazo wa pengo, mlezi hana dakika ya kumlea, kijana anahitimu akiwa na mazoea ya kujiokoa mwenyewe. Halafu miaka miwili baadaye mtu anasimama jukwaani, "walimu wa siku hizi hawajaiva." Nani alikuwa anapika?

13/ Na si lazima iwe hivi, serikali imewahi kuwekeza. Baada ya uhuru, shule nyingi za sekondari zilitegemea walimu wa kigeni. Mwaka 1965 kambi ya jeshi iliyoachwa na Waingereza pale barabara ya Thika iligeuzwa kuwa Kenyatta College, leo ni Chuo Kikuu cha Kenyatta. Miaka hiyohiyo ya 60, kwa msaada wa Sweden, kilianzishwa chuo cha walimu wa sayansi Nairobi, sababu pengo la sayansi lilijulikana. Siifanyi zamani kuwa peponi. Nasema tu kwamba kuna wakati nchi ilitazama upungufu wa somo fulani, ikajenga chuo cha kuuziba.

14/ Twende kwa mamlaka, maana hapa ndipo tunadanganywa mchana peupe. Katiba, kifungu cha 237, inaipa TSC kazi ya kusajili, kuajiri, kupandisha vyeo na kuadhibu walimu. Pia inaipa kazi ya kukagua viwango vya elimu na mafunzo ya wanaoingia ualimu, kukagua mahitaji ya walimu na idadi iliyopo, na kuishauri serikali ya kitaifa. Soma tena hiyo ya pili. Kuna tume ya kikatiba ambayo kazi yake ni kujua ni walimu wa masomo gani watahitajika.

15/ Sasa mgombea ugavana anasema, "nitaajiri walimu wa shule za upili." Fungua Ratiba ya Nne ya Katiba. Kaunti zimepewa elimu ya chekechea, vyuo vya ufundi vya vijijini, vituo vya mafunzo ya nyumbani na vya kulea watoto. Sekondari ni serikali ya kitaifa. Anaweza kusaidia kwa basari, sawa. Lakini mwalimu wa TSC hawezi kumwajiri, hata akiapa kwa jina la mamake.

16/ Mbunge je? Hazina ya eneo bunge inajenga madarasa na kutoa basari. Hailipi mshahara wa mwalimu wa TSC. Lakini mbunge ana silaha kubwa kuliko hiyo: bajeti. Pesa za kuajiri walimu hupitia bungeni kila mwaka. Kwa hivyo mbunge akisema "nimejenga madarasa 12", mpongeze, kisha muulize: bajeti ya TSC ilipofika mbele yako, ulisema nini? Darasa bila mwalimu ni ghala.

17/ Na nani anaamua yuniti za B.Ed.? Chuo kikuu hutunga kozi. Tume ya Elimu ya Vyuo Vikuu, CUE, huidhinisha. Wizara huongoza sera. TSC husema nani inamsajili. Mwaka 2016 sheria ya vyuo vikuu ilirekebishwa ikaipa CUE nguvu ya kuidhinisha kozi, ikiwazuia mabaraza ya taaluma mbalimbali kuingilia. Lakini TSC imetajwa kwenye Katiba. Matokeo yake ni kuvutana: huyu anasema kozi ni yangu, yule anasema basi sitasajili mtu wako. Mwanafunzi amekaa katikati.

18/ Mvutano huo ulionekana wazi 2021, TSC ilipopendekeza B.Ed. iondolewe. Mtu asome kwanza digrii ya sanaa au sayansi, kisha aongeze stashahada ya elimu. Kelele zikapigwa, vyuo vikalalamika, wanafunzi wakaingiwa na baridi. Wacha niweke pande zote mbili, maana hoja hii itarudi.

19/ Wanaounga mkono wanasema: mwalimu atalijua somo lake kwa kina zaidi. Atachagua ualimu akiwa mtu mzima, si kwa sababu ndiyo kozi aliyopangiwa. Na akikosa kazi ya ualimu, digrii yake itamfungulia milango mingine. Pia si jambo geni, Uingereza wengi hupitia njia ya aina hiyo.

20/ Wanaopinga wanasema: umeongeza mwaka mmoja wa karo kwa kozi inayosomwa sana na watoto wa maskini. Nani atalipa? Tena mwaka mmoja ni mfupi kwa saikolojia, upimaji, mbinu na mazoezi yote. Wengine hutaja Ufini, ambako mwalimu husoma hadi shahada ya umahiri. Sawa, lakini mmalizie sentensi: Ufini mwananchi halipi karo ya chuo kikuu, na vyuo vina shule zao za mazoezi. Huwezi kuagiza mtungi ukaacha maji.

21/ Msimamo wangu? Ubishi wa B.Ed. ibaki ama iende unachukua nafasi ya swali kubwa. Ukiondoa B.Ed. na ukaacha TP kama ile ya rumeti wangu, umebadilisha jina la cheti tu. Ukiibakiza na ukaacha TP vile ilivyo, hujafanya kitu vilevile. Mazoezi yenye mlezi ndiyo moyo wa kozi, na mlezi hayuko kwenye bajeti ya mtu yeyote.

22/ Sasa "mtaala mpya." Gredi ya 7 ilianza Januari 2023 ikawekwa kwenye shule za msingi. Baada ya masomo kupunguzwa yalibaki 9: Kiingereza, Kiswahili, Hisabati, Sayansi Jumuishi, Mafunzo ya Awali ya Ufundi, Kilimo, Masomo ya Jamii, Dini, na Sanaa Bunifu na Michezo. Waliopelekwa huko wengi walifunzwa kufundisha masomo mawili ya sekondari. Shule nyingine zilianza na mwalimu mmoja tu. Msomi wa Kiswahili na Historia akakabidhiwa Mafunzo ya Ufundi. Aliyesoma Biolojia akaambiwa sayansi sasa ni moja, ongeza Fizikia. Akikwama, ni yeye hajaiva ama ni sisi tulimpeleka jikoni kwa mwingine?

23/ Wengi wao waliingia kama wanagenzi, shilingi 20,000 kwa mwezi kabla ya makato. Walikuwa wamehitimu, wamesajiliwa, na wana vipindi kamili. Aprili 2024 Mahakama ya Ajira ikasema TSC haina mamlaka ya kuwachukua kama wanagenzi. Mgomo ukafuata. Mwanzoni mwa 2025 walimu 46,000 wakaingizwa kwenye ajira ya kudumu, na wanagenzi wapya wakachukuliwa.

24/ Wanaotetea husema uanagenzi ni mafunzo, hata daktari hupitia. Kipimo changu ni rahisi. Je, kuna mlezi anayekaa naye? Je, mzigo wake ni mdogo kuliko wa mwalimu kamili? Je, kuna kitu anachofuzu mwishoni? Yakijibiwa ndiyo, hayo ni mafunzo. Yakijibiwa hapana, hiyo ni kazi kamili kwa nusu ya bei, na tuiite hivyo.

25/ Halafu sekondari ya juu. Gredi ya 10 ilianza Januari 2026, na njia tatu: sayansi na teknolojia, sayansi za jamii, na sanaa na michezo. Piga hesabu na mimi. Aliyeingia B.Ed. 2022 alichagua jozi ya 8-4-4. Anamaliza 2026 anakuta Gredi ya 10 imeshakaa darasani, na mlango wa pili kuna watoto wa 8-4-4 wanaojiandaa kwa KCSE ya mwisho ya 2027. Orodha ya masomo mapya ina usafiri wa anga, uvuvi na rasilimali za bahari, teknolojia ya habari. Uliza chuo cha karibu nawe: mwalimu wa uvuvi anafunziwa idara gani?

26/ La mwisho, fumbo mnaloniuliza kila wiki: inakuwaje TSC inasema walimu zaidi ya laki tatu waliosajiliwa hawana kazi, na hapohapo shule zina upungufu wa makumi ya maelfu? Zote mbili ni kweli. Upungufu huhesabiwa kwa mahitaji ya shule. Ajira huhesabiwa kwa pesa zilizopitishwa. Katikati kuna kutolingana: waliojaa kwenye foleni wana jozi fulani, pengo liko kwa nyingine. Ndiyo maana "tutaajiri walimu" bila kusema wa masomo gani, wangapi, kwa bajeti ipi, ni salamu tu.

27/ Kwa hivyo ukikutana nao kwenye mkutano, beba maswali haya manne:
– Walimu unaoahidi ni wa masomo gani, na pesa ziko kwenye bajeti ya mwaka upi?
– Wadhifa unaoutafuta una mamlaka ya kuajiri, ama unaahidi kazi ya ofisi nyingine?
– Mwanafunzi aliye TP atalipiwa nini, na mwalimu anayemlea atapunguziwa vipindi vingapi?
– TSC na CUE wakivutana kuhusu kozi, mwanafunzi aliye mwaka wa pili atalindwa vipi?

28/ Kuna aliyeniandikia jana, "walimu wetu wa zamani walifundisha vizuri bila haya yote." Kaka, walimu hao walikuwa na mlezi, walikuwa na darasa la watoto wachache, na wengi walisoma wakilipiwa na serikali. Ukiwatamani wao, tamani na masharti yao.

29/ Rumeti alimaliza TP. Alipata alama nzuri, B. Siku ya mwisho watoto wa kidato cha pili walimchangia peni tatu na daftari jipya, wakaandika jina lake kimakosa kwenye jalada. Amelihifadhi. Bado ananidai pole kwa zile 200 nilizokosa kumtumia, nami bado namdai 400.

30/ Mwisho wa uzi. Wewe ni mwalimu ama uko TP sasa hivi? Tuambie hapa chini uliishije muhula huo, bila kutaja shule. Wiki ijayo tutafungua basari: nani hutoa, kwa sheria gani, na kwa nini huja karibu na uchaguzi.